Albamu Niliyoirekodi Ndani ya Kabati la Mablanketi

Muuza matikiti maji wa mtaani kwetu alikataa kunipimia tikiti mpaka nimwambie wimbo wangu wa saba unaishia vipi.

"Umekatia pabaya, Sidi Sofien," akasema, kisu mkononi. "Mke wangu tangu juzi hana habari nyingine. Ni hiyo tu."

Nikajua nimefika. Kuuza sura kwenye televisheni ni suala la muda tu.

Jamani, hii sijasimuliwa. Imenikuta mwenyewe, kule Sfax, Tunisia, njia ya Gremda, kilomita ya tatu, ghorofa ya tatu. Nina miaka arobaini na sita. Kazi yangu ni kupima mafuta ya zeituni maabara. Naonja, natema, naandika. Naonja, natema, naandika.

Mwaka juzi baba yangu alifariki. Mwezi uliofuata nikanunua gitaa.

Usiniulize uhusiano. Wengine wakifiwa hufuga ndevu.

Mke wangu Raudha ni nesi wa watoto wachanga. Aliliangalia lile gitaa akauliza swali moja tu.

"Litakaa wapi?"

Likakaa kitandani. Upande wake.

Ndani ya mwaka nikawa na nyimbo kumi na moja, maneno yangu, muziki wangu. Wimbo wa kwanza unahusu mwanaume aliyesimama dirishani, haeleweki. Wa pili unahusu mvua. Sfax mvua ni ya kuhesabu, lakini mimi nilihitaji mvua. Wa tatu ni mwanaume yule yule, dirisha lingine.

Wa tisa nilimtungia Raudha. Unahusu mke anayelala fofofo huku mwenzake anaungua moyo pembeni yake.

Kweli alikuwa analala. Alikuwa ametoka zamu ya masaa kumi na mawili. Ila hilo halikuingia kwenye vina.

Studio sina. Lakini nilisoma mahali kwamba blanketi la sufi linameza mwangwi. Na sisi pale kwenye korido tulikuwa na kabati kubwa la kuingia mtu mzima, tulimoweka mablanketi ya baridi.

Ilikuwa Agosti.

Nilikuwa naingia na gitaa, kigoda, na kirekodi changu. Ni kidude kidogo cha mkononi chenye maikrofoni mbili, moja kulia, moja kushoto, kama masikio ya paka. Nafunga mlango. Baada ya nyimbo mbili natoka nimeiva kama mtu aliyesahauliwa kwenye mvuke wa hamamu.

Kabla sijaanza, niliita kikao cha familia.

"Kuanzia kesho, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, humu ndani hakuna kelele. Friji nitazima. Feni marufuku. Jiko la presha marufuku. Mlango unafungwa kwa mikono miwili."

Mama mkwe wangu, Ommi Mahbuba, alikuwa anaishi nasi tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Akanitazama juu ya miwani.

"Na kupumua, mkwe?"

"Kwa pua, mama."

"Haya."

Siku ya tatu nilisahau kuiwasha tena friji, samaki wakaozea humo. Nikasema sanaa ina gharama zake. Raudha akawafunga kwenye mfuko, akaenda kuwatupa.

Ommi Mahbuba yeye alinifurahisha. Kila saa tisa alijikongoja jikoni na shoga yake, Lella Shadlia wa ghorofa ya pili. Wanakaa, wanamenya lozi, wanaongea kwa kunong'ona. Jikoni na kabatini ni ukuta mmoja, na sijawahi kusikia hata kikohozi.

Nikawa namsifia kwa watu. Mama mkwe mwenye nidhamu.

Wiki tatu nikamaliza. Kila siku nilikuwa najisikiliza kwa spika za masikioni nilizochukua maabara. Upande wa kushoto ulishakufa zamani, lakini wa kulia ulikuwa unapiga vizuri, na wa kulia ulinitosha. Nilichokisikia humo kilikuwa mimi. Mimi na gitaa langu. Nililia mara mbili.

Nikaipandisha mtandaoni, nikatupia kiungo kwenye kundi la wakazi wa jengo letu.

Siku ya kwanza ilisikilizwa mara tisa. Nane nilikuwa mimi.

Siku ya pili, mara mia mbili.

Siku ya nne, elfu tatu.

Aisee. Nilikaa chooni na simu nikiangalia ile namba inavyopanda mpaka miguu ikafa ganzi.

Mtaani mambo yakabadilika. Nikipita kwenye ngazi, watu wananyamaza, halafu wananisalimia kwa tabasamu ambalo sijawahi kupewa. Mwanamke wa duka la dawa akaniinamia juu ya kaunta.

"Ule wa pili nimeurudia mara sita. Mara ya kwanza sikuamini."

"Ukweli unauma," nikamwambia.

"Unauma sana. Mwanamke mzima na heshima zake."

Nikatoka nikijiuliza mwanamke gani, maana wimbo wa pili ni wa mvua. Nikaamua amegundua maana iliyofichika ambayo hata mimi mtunzi ilinipita. Wasanii wakubwa hutokewa na hayo.

Nikanunua skafu. Agosti ile ile.

Halafu nikaandika barua ya kuacha kazi. Jumamosi, tukiwa mezani, nikamsomea Raudha kwa sauti.

Akaweka kijiko chini. "Umeshaipeleka?"

"Jumatatu."

"Subiri kidogo, Sofien."

"Kuna watu elfu tatu huko nje wananielewa, Raudha."

Akanitazama. Midomo ikamcheza, sikujua anataka kucheka au kulia. Akakusanya sahani akaenda kuosha.

Nikasema moyoni, wivu huo.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa Sidi Beshir, mwenyekiti wa wakazi, mstaafu wa forodha, masharubu yamechanwa, shati limefungwa mpaka kooni. Mtu wa heshima zake. Kila mwezi huenda chemchemi za maji moto za El Hamma kutibu mgongo, na jengo zima humwombea.

"Wimbo wa tano," akasema. "Dakika ya pili."

"Ahsante sana."

"Sikuja kukusifu."

Akatoa simu na spika zake za masikioni. Akanipa moja.

"Sikio la kushoto," akasema.

Nikaweka.

Kwa mbali, kama mtu aliyetumbukia kisimani, kulikuwa na mwanaume anaomboleza kuhusu dirisha. Na kwa karibu, karibu kama kakaa begani kwangu, sauti ya Ommi Mahbuba.

"Mgongo gani? Beshir haendi chemchemi yoyote. Anaenda kwa mtalaka wake kula kuskusi. Huyu mke wa sasa anapika kama anamlipizia mtu kisasi."

Na Lella Shadlia, taratibu: "Ndiyo maana taulo linarudi kavu. Nimeliona kwenye kamba."

Halafu lozi. Kach. Kach.

Kile kidude masikio yake ni mawili. Moja lilikuwa linanisikiliza mimi. Lingine, wiki tatu nzima, lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni.

Sidi Beshir hakuwa na haraka. Akanisogezea wimbo wa pili. Pale kwenye mvua yangu, Ommi Mahbuba anaeleza jinsi Lella Unisa wa chini anavyonunua sharmula yake dukani, kule mji wa kale. Sharmula, ule mchuzi wa vitunguu na zabibu kavu tunaokula na samaki wa chumvi siku ya Idi. Miaka ishirini Unisa anasifiwa mkono wake. Miaka ishirini anasema siri iko kwenye kukoroga.

Wimbo wa saba, Lella Shadlia anasema, "Basi binti akafungua mlango, akamkuta..." na hapo gitaa langu likaisha, nikazima.

"Kwa hiyo watu elfu tatu," nikasema.

"Elfu nne sasa hivi. Mama mkwe wako ana kipaji."

Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono.

"Nilikuja kugombana. Nilikuwa nimejipanga. Lakini nikasema nisikilize zote kwanza, nisije nikakosa hoja. Nikafika wimbo wa tisa." Akanikabidhi simu na spika zote mbili. "Huo kausikilize peke yako. Simu nitaifuata baadaye."

Akashuka ngazi. Mgongo mzima kabisa.

Nikaingia kabatini, nikafunga mlango.

Wimbo wa tisa. Sikio la kulia, mimi, naimba kwamba mke wangu amelala huku ninaungua. Sikio la kushoto, Ommi Mahbuba.

"Wamemwita hospitali kule mji wa Sousse, Shadlia. Mkuu wa wadi nzima ya watoto wachanga. Miaka kumi na tisa ameisubiri nafasi hiyo. Barua iko kwenye droo ya soksi."

"Mumewe anasemaje?"

"Hajui. Nimemwambia Raudha mwambie mwenzio. Ananijibu, mama, tangu baba yake afe huyu mtu alikuwa amezimika. Sasa kapata kitu anakipenda. Nikimhamisha leo atazimika tena. Mwache amalize nyimbo zake."

Lozi moja. Lozi mbili.

"Na zenyewe nyimbo zikoje?" Lella Shadlia akauliza.

"Mbaya, shoga yangu. Mbaya kwelikweli. Ila jana nimemsikia anapiga mluzi bafuni."

Nilikaa humo kabatini sijui muda gani. Wimbo uliisha, sikuugusa. Nilijiona nilivyo, baba mzima na skafu shingoni, nimefukiwa kwenye mablanketi, naulilia ulimwengu kwamba hakuna anayenijali.

Nikatoka. Raudha alikuwa chumbani anapiga pasi sare yake ya kazi.

"Barua ya Sousse," nikasema.

Pasi ikasimama. Hakuinua macho. "Wimbo wa tisa."

"Ulijua imo?"

"Niliisikiliza albamu yako siku uliyoitoa. Yote. Kwa masikio yote mawili."

"Mbona hukuniambia? Habari ya barua, mbona hukuniambia?"

"Ulisema tusipige kelele."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kushika. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Nikakaa kitandani. Ilibidi kwanza nilisogeze gitaa.

"Mwisho wa kujibu lini?"

"Jumanne."

"Andika leo."

"Na nyimbo zako?"

"Raudha, umezisikia nyimbo zangu."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akazima pasi, akakaa pembeni yangu, akaweka kichwa begani kwangu, na nikahisi shati linalowa. Sikuuliza ni machozi ya aina gani. Nilimshika tu.

Jumatatu nilipeleka barua kazini, ila ilikuwa ya kuomba uhamisho. Hata Sousse wanakamua zeituni.

Albamu niliishusha siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata nikaipandisha upya, safi, upande wa kulia peke yake. Imesikilizwa mara sita. Mtu mmoja kaacha maoni: "Mama yuko wapi?"

Ommi Mahbuba alipoambiwa kuhusu wale watu elfu nne, aliona haya siku moja nzima. Alimpelekea Lella Unisa sahani ya lozi na kumwomba radhi mlangoni. Unisa alipokea lozi, akafunga mlango. Hawakusemeshana mpaka Idi, Unisa alipopanda ngazi na sharmula, ndani ya chupa ya dukani, na karatasi ya bei haijabanduliwa. Wakala pamoja. Sisi tulikuwa tumeshahama, ila nasikia ni nzuri.

Sisi sasa tuna miezi minane Sousse. Raudha akirudi kutoka zamu namuuliza siku ilikwendaje, naye anaanza: nani kazaa, nani kapungua uzito, daktari gani kamjibu vibaya. Juzi walikuwa mapacha, kila mmoja hajafika kilo mbili. Aliongea mpaka chai ikapoa, akaniomba nimpashie.

Wewe unayesoma hapa, nina neno moja tu la kukuachia. Kabla hujamtungia mtu wimbo kwamba hakuelewi, muulize kwanza yeye ana nini. Halafu nyamaza mpaka amalize.