Baba Alivyopishana na Mashua za Tanga

Juzi pale Awasi nilimpita fundi aliyekuwa akichanganya petroli na oili kwa ajili ya msumeno wake wa injini, na harufu ile ikanisimamisha njiani na mfuko wa nyanya mkononi. Wengine huziba pua. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya Baba, na sioni aibu kusema kwamba niliivuta mara tatu.

Baba aliendesha boti ya abiria ya injini ziwani, kutoka kwetu upande wa Kendu Bay hadi Kisumu. Haikuwa boti ya kasi, na hata huo mwendo mdogo iliokuwa nao yeye aliupunguza. Akiona tanga kwa mbali, alilegeza injini kabla hata hatujazitambua sura za watu. Kisha alizunguka nyuma ya mashua ile, mbali kabisa. Hakuikata mbele kamwe, wala hakuongeza moto mpaka mawimbi yetu yaishe nguvu. Akipita aliinua mkono, nao wakainua yao. Waendesha boti wenzake walimwita Bwana Harusi kwa mwendo wake wa taratibu, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

"Hawa wako na upepo peke yake," alinieleza siku moja. "Hawana breki. Mimi niko na injini. Sasa nani anafaa kupisha?"

Jibu nililijua, ila halikunifurahisha hata kidogo nilipokuwa darasa la sita. Mwaka huo nilichaguliwa kukariri shairi kwenye mashindano ya shule mjini Kisumu, saa tatu asubuhi. Gari la mwalimu lilijaa, nami nikajigamba kwa wenzangu kwamba sina haja ya kubanwa kama omena kwenye debe, baba yangu ana boti. Tuliondoka mapema, mimi nikiwa na sare iliyopigwa pasi hadi ikakakamaa.

Katikati ya safari boti moja ya kasi ilitupita ikinguruma. Mbele yetu kulikuwa na mashua ya tanga iliyobeba mchanga, imejaa hivi kwamba ukingo wake ulibaki vidole vitatu tu juu ya maji. Ile boti ikapita ubavuni pake bila kulegeza. Wimbi likainuka, likaingia ndani. Wanaume wawili wakaanza kuchota maji kwa vibuyu vya plastiki vilivyokatwa, huku wakipiga kelele.

Baba akazima injini kabisa, tungali mbali.

"Baba, pita tu!" nililia. "Nitachelewa!"

"Nikienda na injini, wimbi kidogo tu inawamaliza," alisema bila kugeuka. "Na nikiwaacha, wakizama nani atawatoa?"

Abiria mmoja, mama muuza samaki aliyetufahamu, alishindwa kunyamaza. "Baba Awuor, kwani mtoto si ako na mashindano? Huoni anatoa machozi?"

"Naona, Mama."

Akashika kasia, akatusogeza polepole mpaka akaweza kuwarushia ndoo yetu. Wakachota, wakamwaga na mchanga mwingi ziwani, jasho la watu likienda na maji. Tukangoja. Jua lilikuwa limepanda, na mimi nilikuwa nikiyahesabu mashairi ya wenzangu kichwani, nani amemaliza, nani anapanda jukwaani.

"Hebu tusomee yako hapa, nyathina, mwanangu," Baba akaniambia kwa sauti ya chini. "Hata hawa watasikia."

Nikamgeuzia mgongo.

Mashua ilipoinuka, mmoja wao alipaza sauti kushukuru, "Ero kamano!" Baba akainua mkono, akawapita kwa nyuma, taratibu kama kawaida. Tulifika karibu saa nne. Alipovua jaketi la kuelea ili anikimbize ukumbini, nikaona amevaa shati jeupe la kanisani, na tai. Nikawaza tu kwamba amejipamba bure. Nafasi yangu ilikuwa imeshapewa mwingine, na sikusema naye kwa siku mbili.

Nilikuwa mtu mzima, ninamsimulia mume wangu kisa hiki kwa kucheka, nilipolifikia hilo shati na ghafla nikalielewa. Miaka yote niliamini kwamba asubuhi ile mimi peke yangu ndiye niliyepoteza kitu. Kumbe Baba alikuwa ameamka na kufunga tai gizani ili akae ukumbini anisikilize, na bado alizima injini bila kusitasita, kwa ajili ya watu wawili asiowajua hata majina. Sijaona mtu mwenye moyo kama ule tangu hapo.

Baba alitutoka bila kulisikia shairi lile. Nalikumbuka lote, ubeti kwa ubeti.