Visawe vya Mshenga

Natafuta visawe vya neno moja la Kiingereza lenye maana ya kutazamia mema. Asubuhi hii mtu amepita dirishani na dumu la ulanzi, na harufu ile ya utomvu wa mwanzi uliochacha imeniletea visawe vyote kwa pamoja, kutoka kinywani mwa mshenga mmoja, kwetu Iringa, zama za Mwingereza.

Shangazi yangu alikuwa amechumbiwa na kijana aliyekwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Kila masika, ulanzi ulipoanza kutona, mshenga alikuja kunywa na kutupa habari. Kwanza kijana "anakuja". Masika yaliyofuata "anatarajia" kuja. Kisha "ana matumaini". Maneno yalizidi utamu kadiri ukweli ulivyopungua, naye mshenga alizidi kunenepa.

Safari ya mwisho alijifuta povu midomoni, akasema, "Tusikate tamaa, mwanangu."

"Tusikate sisi akina nani, baba?" shangazi akamwuliza. "Na wewe umechumbiwa?"

"We mtoto, adabu!" bibi akafoka.

Shangazi alipanda darini, akalishusha jembe la posa, jeusi kwa moshi. Kwetu jembe hilo haligusi udongo kabla ya harusi, na anayevunja uchumba hulirudisha kwa heshima. Mshenga, aliyezijua taratibu zote, akaweka kata chini, akanyoosha mikono yote miwili kulipokea.

Shangazi alimpita, akashuka shambani, akaanza kulima.