Njia ya Msituni Iliyopimwa kwa Lastiki

Wifi yangu ni fundi cherehani. Akiwa anashona huwezi kumwambia kitu, na akisimama kwenye meza ya kukatia ndiyo kabisa. Kwa hiyo siku niliyoingia kwao nikakuta vitambaa vyote vimesukumwa pembeni, na mezani imetandazwa ramani ya msitu, imegandamizwa kwa mkasi huku na pasi kule, nilijua kuna jambo linapikwa.

"Jumamosi tunampeleka kaka yako kutembea," alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Kutembea wapi, na hata mlangoni hafiki?"

"Msituni."

Mimi nina domo, sikatai, na hapo sikulizuia. Nilimuuliza kama jua limempiga kichwani. Mtu mwenyewe alikuwa amekaa palepale dirishani, kama vile anayezungumzwa ni jirani.

Kaka yangu aliendesha basi la shule mpaka watoto aliowapeleka wakaanza kumletea watoto wao. Mtu wa mizaha, mtu wa watu. Kiharusi kilipompitia kilimwachia akili na ulimi, kikamlegeza mguu wa kushoto. Alitibiwa, akasimama, akawa anatembea na fimbo vizuri tu. Halafu siku moja akaanguka kwenye foleni ya benki, suruali ikapanda mpaka gotini, watu wakamnyanyua kama gunia. Tangu hapo hakutoka tena. Daktari wa mazoezi alituambia bila kupepesa macho: mguu bado unaweza, lakini asipoutumia utamwacha, na akishazoea kiti cha magurudumu hatakiacha. Kiti chenyewe kilikuwa kimeshaulizwa bei. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha wifi raha, na mimi pia, ingawa mimi nilikuwa naonyesha kwa kugomba.

"Njia ni tambarare," wifi aliendelea, kama sijasema kitu. "Pana, changarawe imeshindiliwa. Wanapita wa miguu, wa baiskeli, wa farasi, na kina mama wenye vigari vya watoto. Kigari kikipita, na yeye atapita. Tunafuata kijito mpaka kwenye benchi, tunakula, tunarudi. Nimepima, ni karibu."

"Umepima na nini?"

Akanionyesha. Fundi akitaka kujua urefu wa shingo ya gauni, hulaza uzi kwenye mkunjo wake wote, kisha huunyoosha kwenye futi. Na yeye alifanya hivyohivyo kwenye ramani, kona kwa kona.

"Hiyo ni lastiki," kaka alisema kutoka dirishani.

Wifi aliangalia mkononi. Kweli, ilikuwa lastiki nyembamba ya kiuno cha sketi. Aliivuta ikafuata kona zote za msitu, halafu alipoiachia kwenye futi ikajirudi, naye akasoma kilichobaki.

"Kwa lastiki hiyo," kaka akasema, "hata mwezini tungefika kabla chai haijapoa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi alinuna kidogo, kisha akashindwa, akacheka akijifuta macho kwa kipande cha kitambaa, na si kicheko tu alichokuwa anafuta. Ilikuwa imepita miezi hatujasikia mzaha wa mtu yule.

Kaka alichukua fimbo, akaja mezani. Akaomba uzi, uzi wa kweli. Akapima mwenyewe, taratibu, akatikisa kichwa: benchi lilikuwa mbali kwelikweli. Akasogeza kidole nyuma hadi kwenye kidaraja. "Hapa ndipo pa kugeuzia," alisema. Udereva ukampanda. Gari litaegeshwa wapi? Choo kiko upande gani? Mvua ikinyesha njia inatuama maji? Nani ana namba ya simu ya walinzi wa msitu? Wifi alijibu alichojua, na asichojua akapiga simu kuuliza.

Halafu kaka akauliza lililokuwa moyoni. "Na hao wa baiskeli? Wakinipigia kengele nyuma, mimi siwezi kuruka pembeni."

Wifi aligeuza ramani. Nyuma yake kulikuwa na masharti ya njia: baiskeli impishe mtembea kwa miguu, na wote wawili wampishe farasi. Kaka alisoma, akarudia.

"Yaani mimi ndiye mwenye njia."

"Ukiondoa farasi."

"Farasi nitampisha. Sina ugomvi na farasi."

Wiki ile nyumba ilichangamka. Wifi alipunguza pindo la suruali ya kaka lisimnase, akamshonea kibegi cha kuvaa mabegani ili mkono mmoja ubaki huru. Mimi nilipewa mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, nikaambiwa nisilete na maneno. Kaka alitembea koridoni kwenda na kurudi, akijifanya anatafuta miwani.

Jumamosi alinyoa ndevu mwenyewe, akavaa, akafika mlangoni akaganda. "Nikianguka mbele za watu?"

Wifi alikuwa amepiga magoti anamfunga kamba za viatu. "Basi utakuwa umeanguka msituni. Kule kuna majani, benki kulikuwa na vigae."

Nilitaka kumfinya. Lakini kaka alitoka.

Msituni palikuwa na ubaridi mzuri. Kaka alitembea katikati ya njia, wifi amemshika kwapa, mimi nyuma na mayai yangu. Kengele ililia nyuma yetu, kaka akakakamaa. Mama mmoja akashuka kwenye baiskeli, akaikokota, akatupita akitusalimia. Kaka aliitikia kwa sauti yake ya zamani. Nilianza kuamini.

Kidaraja kilipoonekana, mguu wa kushoto ulijikwaa. Akamponyoka wifi, akaanguka, chini mzima mzima. Mbele yetu kulikuwa na wazazi na kigari chao, nyuma vijana wa baiskeli. "Si nilisema," nilianza, nikakumbuka nilivyokatazwa kuleta maneno, nikayameza.

Kaka alilala chali, majani kichwani, anatazama juu. Baiskeli zimesimama. Kigari kimesimama. Hakuna aliyecheka wala aliyemkimbilia; wote walikuwa wanamsubiri mwenye njia.

"Kumbe ni hivi tu," alisema.

"Nini, mume wangu?" wifi aliuliza.

"Kuanguka. Nimejifungia ndani muda wote huu kwa sababu ya kitu hiki."

Wifi aliinama kumshika. Kaka alimzuia kwa kiganja. Akageuka ubavu, akapiga magoti kama alivyofundishwa, akachimbia fimbo kwenye changarawe, akajivuta. Ilichukua muda. Kijana mmoja alisogea, nikamkata jicho, akarudi mahali pake. Kaka alisimama, akajipangusa, akawaambia wale watu, "Samahanini, nilikuwa nimeegesha vibaya."

Wakacheka wote, naye akacheka. Wifi alinyoosha mkono kumshika tena kwapa.

"Niache kidogo," kaka alimwambia, tayari ameshapiga hatua. "Nikianguka nitakuita."