Pengo Kando ya Mzee Duan

Watalii wanaopanda huku kwetu mlimani kutazama maua ya micheri humpiga picha Mise na kofia ya kabila lake la Waakha iliyojaa vifungo vya fedha, kisha hushuka wakidhani wameona mwanamke mwenye raha zake. Waache. Mimi ni jirani yake, nauza tambi mlango wa pili, na niliyoyaona nimeyaona.

Mzee Duan alikuwa askari wa Kichina aliyeshindwa vita akavuka mpaka kukimbilia huku kwetu. Kwao Yunnan aliacha mke. Mise alilijua hilo, akaolewa hivyo hivyo. Wazazi wake wakamwonya: "Siku ukifa, mzee wetu wa matambiko hatakuita kwa nasaba yetu uwafikie mababu. Utakuwa umeshahama." Akacheka. Alikuwa na mume, nasaba ya nini?

Duan alipofariki, kaburi lilijengwa la watu wawili. Kila msimu wa kufagia makaburi Mise alilipalilia kwa mikono yake, akijua lile pengo la kando ni lake. Hata mimi nilijua hivyo.

Mwaka huu akatokea mwana wa yule mke wa kwanza, mtu mzima mwenye mvi, amekumbatia chungu chenye mifupa ya mamake.

"Mama hakuolewa tena," alisema. "Alimngoja baba mpaka anakata roho. Naomba walale pamoja."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Guoliang, mtoto wa Mise, aliinamisha kichwa. "Mama, bi mkubwa ni bi mkubwa. Wewe tutakutafutia pahali pazuri, kule chini kwenye mashamba ya chai."

"Kwenye chai?" nikadakia. "Kwani mamako mbolea?"

"Shangazi, haya ni mambo ya ukoo."

"Ukoo! Ulipokuwa na surua ulikesha na ukoo?"

"Basi, dada," Mise akanikata. "Usimgombeze mwanangu mbele ya mgeni."

Akaingia jikoni, akachinja kuku mweusi, akapika chakula cha kaburini kama kila mwaka. Roho iliniuma kumtazama. Kule makaburini chungu kilipokwisha kufukiwa kwenye lile pengo, alimimina chai vikombe viwili, cha mume na cha mke mwenzake, akapiga magoti kama impasavyo bi mdogo.

"Dada," alimwambia mke mwenzake mle kaburini, "huyu hushtuka usingizini, hudhani bado yuko vitani. Usimpigie kelele. Mshike mkono tu, atatulia."

 Alipotaka kuinuka, tulimwinua mimi na yule mgeni.