Uso wa Mwisho kwenye Mkanda

Mimi nimekulia kwenye banda la video. Tanga tulikuwa na mtafsiri wetu, mtu wa maiki, ambaye hakujua neno la Kihindi, lakini filamu ya Kihindi ikianza alijua kila kitu: nani mwongo, nani atakufa, nani ni ndugu wa nani bila wenyewe kujua. Stelingi akichelewa kurusha ngumi, mtafsiri anamgombeza. Hiyo ndiyo shule yangu, na sioni haya kuisema.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban, nimepanga chumba mtaa wa Point, kwenye jengo la zamani karibu na bandari. Chini yangu aliishi bibi mmoja Mtamil, mjane, ambaye mtoto wa jicho alishamfunika macho yote mawili. Nilizoea kumbebea mizigo yake ya sokoni huku tukiongea Kiingereza, na siku moja nikamsimulia habari za mtafsiri wetu. Akasimama palepale kwenye ngazi. Akaniuliza kama naweza kuifanya kazi ile kinyume: yeye anipe maneno, mimi nimpe picha.

Ndipo akanieleza shida yake. Alikuwa na mkanda wa filamu ya Kitamil ya zamani, nyeusi na nyeupe, ambayo yeye na mumewe waliitazama tangu uchumba, na tangu uchumba walikuwa wakibishana juu yake. Mama mjane anamsomesha mwanawe kwa kuuza vitumbua. Mwana anakuwa mkubwa, anamkana mama mbele za watu, halafu mwishoni anarudi. Mama anampakulia chakula, kamera inamsogelea usoni, basi, imekwisha. Mume alisema mama yule analia, hajasamehe. Bibi alisema anatabasamu, alishasamehe zamani. Mume alikufa akishikilia lake, na macho ya bibi yakaondoka kabla hajahakikisha. Sasa alikuwa ameanza kujitilia shaka.

"Wajukuu wangu wa Queensburgh watanipa jibu la kunifurahisha," alisema. "Wewe huna sababu ya kunifurahisha."

Jumapili mchana tukafunga mapazia chumbani kwake. Jirani yangu Mrundi alinifuata huko kuniomba pasi ya nguo, hakuondoka tena. Mkongomani wa chumba cha pili akaja na mkewe. Basi nikajikuta na kazi mbili: bibi ananigeuzia Kitamil kuwa Kiingereza, mimi nawapa wenzangu kwa Kiswahili, kisha namrudishia bibi picha. Nilifurahi mpaka sauti ikapanda yenyewe. Kumbe miaka yote nilikuwa naitamani ile maiki!

"Kijana anapanda treni," nikasema, "kichwa kimejaa maringo, huyu atajuta, ngojeni tu."

Bibi akanigonga goti. "Nimekuuliza unaona nini. Sikukuuliza unafikiri nini."

Wenzangu wakanicheka sana. Nikarudi kwenye mstari: kijana amepanda treni, ameshika sanduku.

Ikafika karamu. Mama ametoka kijijini, anaingia peku katikati ya wageni wenye suti, na mwana anawaambia ni mtumishi wa zamani. Nilipolitafsiri hilo, Mkongomani alisimama.

"Eish! Mama yako iko mbele yako, unasema eti ni boyi? Huyu mutu hana haya."

"Kaa basi, tusikie," Mrundi akamvuta shati.

Tukafika mwisho. Nikamwambia bibi kwamba mwana amevua viatu mlangoni, mama amemwekea wali kwenye jani la mgomba. Mimi nilikuwa na mama yangu Tanga ambaye sijamwona tangu niondoke nyumbani. Kamera ikaanza kusogea. Bibi akanishika mkono kwa nguvu.

"Unaona nini?"

"Analia, mama."

Mkono wake ukalegea. Halafu akainua vidole, akanipapasa shavu, akakuta limelowa.

"Futa macho yako," akasema. "Kisha rudisha mkanda."

Nikajifuta na mkono wa shati. Deki ikakoroma, mkanda ukarudi. Viatu, wali, jani. Uso ukaja, safari hii niliukodolea macho.

"Mashavu ni makavu," nikasema. "Hakuna chozi. Midomo inapanda pembeni. Anatabasamu."

"Ni kweli, mama, anatabasamu kabisa," mke wa Mkongomani akadakia, na mimi nikamfikishia bibi.

Chumba kikalipuka kwa makofi utadhani timu yetu imefunga bao. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akapiga meza, akageukia kiti cha mumewe karibu na dirisha na kukirushia maneno ya Kitamil, mengi, ya haraka. Hayo hakunitafsiria, wala sikuuliza.

Wenzangu walipoondoka nilibaki kufungua mapazia. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Alikuwa bado amekigeukia kile kiti.

"Kila tukifika pale mume wangu alikuwa anasema hivyohivyo, analia," aliniambia. "Na mimi sikuwahi kumgusa shavu."