Faini ya Kulipa Deni Mapema

Mume wangu hajawahi kunichemshia hata maji ya chai. Siku hiyo alinipigia pasi gauni la kwendea benki.

Na kola akainyoosha! Nikabaki namtazama kama mtu aliyeona mbuzi anaendesha baiskeli.

Mimi ni mwoka mikate. Naamka kabla ya jogoo, narudi nina unga hadi kwenye nyusi. Nyumba yetu tuliinunua kwa mkopo wa benki, na kwa miaka minne na miezi minane rejesho halijachelewa hata siku moja.

Sasa mdogo wake mume wangu, tunamwita Mtaalamu, alikuwa amepata kazi ya kuitafutia benki nyingine wateja. Wiki mbili tu kazini, tai imemkaba shingo, anatuhutubia sebuleni huku anatafuna mkate wangu.

"Shemeji, unaibiwa mchana kweupe! Kule riba asilimia kumi na sita, kwetu kumi na tatu. Hamisha mkopo. Ila ofa inaisha Ijumaa."

"Hakuna gharama?"

"Vijisenti vya makaratasi tu."

Basi Jumatano nikaenda benki yetu kuomba barua ya deni lililobaki. Karani, mama wa makamo mwenye miwani puani, akaufungua mkataba wangu, akagonga kifungu kimoja kwa kalamu.

"Dada, hiki ulikisoma?"

Nikisome saa ngapi? Tulisaini kurasa thelathini huku tunapigana picha.

Kilisema ukimaliza deni kabla ya miaka mitano, unatozwa asilimia tano ya kilichobaki.

"Lakini mimi sikimbii deni," nikasema. "Benki mpya itawalipa lote."

"Ndiyo hivyo. Hapo kwetu deni limelipwa mapema, na riba tuliyoitegemea tumeikosa. Tunakutoza."

Deni lilikuwa limebaki milioni arobaini. Faini yake milioni mbili.



Yule mama akashusha sauti. "Miaka mitano inatimia lini?"

"Bado miezi minne."

"Sasa haraka ya nini? Ukisubiri, tofauti ya riba itakula kama laki nne. Ukihama leo, milioni mbili. Na huko uendako uliza kama wana faini kama hii, maana miaka itaanza kuhesabiwa upya."

Jioni nikawakuta ndugu wawili sebuleni, fomu mezani, kalamu imeshafunguliwa.

"Nasubiri miezi minne," nikasema. "Kuna faini ya milioni mbili."

Nilitegemea washtuke. Hakuna aliyeshtuka.

"Shemeji, hiyo inaingizwa tu kwenye mkopo mpya," Mtaalamu akasema. "Hutaisikia hata kidogo."

Kumbe alijua!

"Wewe ndiye hutaisikia. Mimi nitaikanda kila alfajiri kwa mikono hii. Sisaini."

Jasho likamtoka. Akamgeukia kaka yake.

"Kaka, si ulisema atasaini tu? Na zile laki mbili zako za kamisheni nimeshakutangulizia!"



Mume wangu akaanza kulichunguza zulia kana kwamba amelinunua leo.

Jamani. Mwanamume niliyezaa naye watoto wawili alikubali nyumba yetu ipoteze milioni mbili ili yeye atie mfukoni laki mbili. Mwizi wa kuku ana hesabu nzuri kuliko hiyo.

"Ungeniibia kwa akili," nikamwambia, "ningekuheshimu kidogo."

Zile laki mbili alimrudishia mdogo wake, baada ya kuuza simu aliyokwisha kuinunua.

Miezi minne ilipopita, nikaenda benki mpya mwenyewe, bila Mtaalamu. Ile ofa ya kufa Ijumaa niliikuta ukutani, ina afya tele. Nikauliza habari ya faini, nikasoma kila ukurasa hadi afisa akapiga miayo, ndipo nikasaini.

Ukitaka kuhamisha mkopo wa nyumba, uliza: nikilipa mapema mnanitoza nini, na hadi lini?

Na anayekuharakisha usaini, muulize yeye anapata ngapi. Hata kama mnalala kitanda kimoja.