Niliambiwa "rudi kwa watu wako" Johannesburg, miaka imepita ndiyo naambiwa ilikuwa cartel ya vioo

Wakuu, salaam. Leo sileti chai. Ni jambo lililonipata mwenyewe, na mpaka naandika hapa halijanikaa sawa kichwani.

Kwanza mnijue. Nilitoka Tanga na begi moja na diploma yangu ya ujenzi. Hakuna mjomba aliyenipokea Johannesburg. Nilianza kwa kubeba vioo vya watu, nikaishia na karakana yangu mtaa wa Observatory, natengeneza madirisha ya aluminium. Kila mtu na riziki yake, lakini mimi nilikuwa natoa quotation kwenye letterhead.

Mwenzangu alikuwa Bosco, Mrundi, mlokole, fundi ambaye mkono wake hautetemeki kwenye kioo.

Tukapata tenda ya jengo la ghorofa Hillbrow. Madirisha yamevunjika, watu wameziba kwa maboksi, na baridi ya June inakuja.

Shida ikawa kioo. Supplier wa upande wetu bei juu, na anachelewesha anavyotaka. Nikaenda kwa mwingine, Marshalltown.

Kijana wa kaunta akaniuliza karakana yangu iko wapi. Nikasema Observatory. Akatikisa kichwa.

"Hatuwezi kukuuzia. Go back to your people, my brother."

Wakuu, kipindi kile wageni walikuwa wanapigwa na kufukuzwa, mgeni akisikia maneno hayo anatafuta mlango. Mimi sikutafuta mlango. Nikamjibu mbele ya wateja: "Watu wangu wako Tanga, na wewe ukifika kule utapewa chakula kabla hujaulizwa jina."

Nikatoka kifua mbele. Bosco nyuma ananong'ona, "Mzee, tungemuuliza vizuri."

Nikamwambia ubaguzi hauulizwi vizuri.

Supplier wetu akachelewa kama kawaida yake, tenda akapewa mwingine. Tenda ile ndiyo ilikuwa roho ya karakana. Nikafunga, nikarudi nyumbani.

Leo hapa Tanga nina karakana kubwa kuliko ile, atakaye aje aone. Na kila harusi nimesimulia: walinifukuza, nikaja kujenga kwetu.

Sasa juzi Bosco, aliyebaki kulekule, kanipigia.

"Mzee, ile kampuni ya Marshalltown na ile ya supplier wetu, zote zimepigwa faini."

"Zimepigwa na nani?"

"Na korti. Ilikuwa cartel, walikula njama wakagawana mji. Huyu haruhusiwi kumuuzia mteja wa yule."

Bosco alikaa kwenye kesi akasikiliza. Yule kijana wa kaunta alitoa ushahidi: bosi aliwaagiza kila mteja wa eneo lingine aambiwe arudi kwa watu wake. Yaani supplier wa eneo lake.

Nikakaa chini.

Nikauliza fidia yetu iko wapi. Bosco akacheka. "Ile ni faini ya kuwaadhibu, mzee, inaingia serikalini. Ukitaka yako fungua kesi nyingine, uthibitishe ulichopoteza."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Wameadhibiwa kwa kunibana mimi, mimi sina changu. Halafu nithibitishe nini? Kwamba nilirudi kwa sababu ya kioo? Mbona miaka yote nimesema nilirudi kwa sababu ya chuki? Na chuki ilikuwepo, sikuiota.

Nikamuuliza, "Hata Wazulu waliambiwa hivyo?"

"Hata Wazulu. Kuna fundi wa Soweto aliambiwa hivyohivyo. Yeye akauliza, watu gani? Akatajiwa jina la kampuni. Ndiye aliyekwenda kushtaki."

Wakuu, maneno mawili tu. Watu gani?

Nilichojifunza ni hicho: hasira ni haki yako, lakini swali litangulie.

Karibuni mchangie. Wanasheria, niambieni kama huyu mtu wa Tanga bado ana kesi kule. Wenye matusi mpange foleni nyuma. Na mlionisikia kwenye harusi mnivumilie, bado natafuta namna ya kuisimulia upya.